Kosa Si la Muuza Nyanya

Mwezi Oktoba 2020, dalali mmoja wa nyumba katika jimbo la New South Wales, Australia, aliingia Facebook na kumsema bosi wake wa zamani. Alilalamika kwamba mtu huyo anauza majumba ya mamilioni ilhali hawezi kulipa michango ya pensheni ya wafanyakazi wake. Kwa Kiingereza chake aliandika "employees superannuation", bila ritifaa, yaani kile kialama kinachoning'inia juu ya mstari na ambacho wengine hukiita kibainishi. Muda mfupi baadaye aliufuta ujumbe huo, lakini bosi alikuwa amekwisha kuusoma. Akafungua kesi ya kashfa.

Dalali alijitetea kwamba alikusudia mfanyakazi mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Ritifaa ingewekwa kabla ya "s", ikawa "employee's", mfanyakazi angekuwa mmoja. Ingewekwa baada ya "s", ikawa "employees'", wangekuwa wengi. Haikuwekwa popote. Mwaka mmoja baadaye jaji alikataa kuitupilia mbali kesi hiyo. Kwa maoni yake, neno lilivyoandikwa laweza kusomeka kuwa ni wafanyakazi wengi, na hapo tuhuma inakuwa nzito zaidi: kushindwa kumlipa mtu mmoja kunaweza kuwa bahati mbaya, lakini kushindwa kuwalipa wengi au wote kunaonekana kuwa ni kwa makusudi.

Kisa hiki huwafurahisha sana watu wanaoamini kwamba ritifaa ikianguka, ustaarabu umeanguka nayo. Kila nchi inayoandika Kiingereza inao, na Afrika Mashariki haijapungukiwa. Ni wale wanaopiga picha ubao wa genge ulioandikwa "Tomato's" na kuusambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwa vicheko. Lakini hakuna mteja aliyewahi kurudi nyumbani bila nyanya kwa sababu ya ubao huo. Kesi ya Australia ni ya nadra, na ndiyo maana ilitangazwa dunia nzima. Makosa mengi ya ritifaa hayampotoshi mtu yeyote. Tena ukiyafuatilia hadi chanzo chake, unakuta lawama inawaangukia zaidi wachapaji na wanasarufi wa Uingereza kuliko muuza nyanya.

Alama hii haikuzaliwa Uingereza. Iliingia katika Kiingereza karne ya 16, kwa mfano wa wachapaji wa Ufaransa, ambao waliitumia kuonyesha kwamba irabu fulani imedondoshwa. Kazi hiyo ingalipo na haimsumbui mtu sana: "do not" inakuwa "don't", "I am" inakuwa "I'm". Msomaji wa mashairi ya Kiswahili anaifahamu vizuri. Mshairi anayetaka kulinda mizani huandika "n'na" badala ya "nina", au "'mekuja" badala ya "amekuja", na mwalimu wa fasihi huita hiyo inkisari. Kitu kimetolewa, na alama inashikilia nafasi yake.

Mambo yaliharibika alama ilipopewa kazi ya pili, ya kuonyesha umiliki. Nayo ilikuwa na sababu. Katika Kiingereza cha kale, maneno mengi yalionyesha umiliki kwa kiambishi "-es": mfalme alikuwa "cyning", na cha mfalme kilikuwa "cyninges". Kadiri karne zilivyopita, ile "e" ikaacha kutamkwa, na wachapaji wakaanza kuweka ritifaa mahali pake. "King's" ilikuwa ufupisho, kama "don't" ilivyo. Lakini desturi hiyo ilichukua muda mrefu kukubalika. Katika juzuu la tamthilia za Shakespeare lililochapishwa 1623, sehemu kubwa ya maneno ya umiliki hayana ritifaa kabisa. Matumizi ya umoja yalitulia baadaye, na yale ya wingi, ambapo alama hukaa baada ya "s", yalichelewa zaidi.

Katika kipindi hichohicho cha mashaka kulikuwa na desturi nyingine ambayo leo ingechekwa: kuweka ritifaa kwenye wingi. Maneno ya kigeni yanayoishia na irabu yalionekana uchi yakiongezewa "s" peke yake, hivyo waandishi waliosoma, wa karne ya 17 na ya 18, wakawa wanayatia ritifaa. Philip Luckombe aliyechapisha kitabu kuhusu historia na ufundi wa uchapaji mwaka 1771, mtu ambaye riziki yake ilikuwa alama za uandishi, aliandika wingi wa koma kuwa "comma's". Baadaye wanasarufi wakaamua hilo ni kosa, na leo Waingereza wanaliita ritifaa ya muuza mboga. Muuza mboga hakulibuni. Alilirithi kwa wachapaji, wao wakalikana.

Mantiki ya Luckombe inaonekana hadi leo. Angalia maneno yanayoponza zaidi kwenye mabango ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Birmingham: "tomato", "potato", "mango", "avocado", "photo", "video". Yote yanaishia na irabu. Sasa angalia kadi za harusi na michango. Familia ikitaka kujitambulisha kwa Kiingereza huandika "The Mushi's" au "The Otieno's", wakati kanuni inataka "The Mushis" na "The Otienos". Majina ya ukanda huu, mengi yakiwa ya Kibantu, huishia na irabu, na mkono wa mwandishi unasita kuyabandika "s" kavu, kama ulivyosita mkono wa mchapaji wa London. Kanuni imevunjwa, hilo halina ubishi. Lakini aliyeivunja hakuwa mjinga. Alihisi kitu halisi kuhusu umbo la neno.

Shida nyingine iko masikioni. "Boys", "boy's" na "boys'" hutamkwa sawasawa. Herufi "s" ya Kiingereza imebebeshwa mzigo mkubwa: huonyesha wingi, huonyesha umiliki, humalizia vitenzi vya nafsi ya tatu umoja, na tena hufupisha "is" na "has". Aliyezaliwa London na aliyezaliwa Lindi wote wawili husikia mlio uleule mmoja, kisha hutakiwa kuuandika kwa namna tofauti kwa kutegemea sarufi ambayo sikio haliionyeshi. Kiswahili hakimtesi mtu hivyo. Kitabu cha mwalimu na vitabu vya walimu vinajitofautisha vyenyewe, kwa kutamkwa na kwa kuandikwa.

Kuna pia kosa linalotajwa kuliko yote, la "its" na "it's". Hapa kanuni mbili zinagongana. Mwanafunzi anafundishwa kwamba umiliki unahitaji ritifaa: "Amina's", "Juma's", "the school's". Anafika kwenye kampuni na wafanyakazi wake, anaandika "the company and it's workers", na mwalimu anachora mstari mwekundu. Amefuata alichofundishwa. Asichoambiwa, au alichoambiwa kwa haraka, ni kwamba viwakilishi vya umiliki havina ritifaa hata kimoja: "his", "hers", "ours", "yours", "theirs", na "its" ni ndugu yao. "It's" ni ufupisho wa "it is" au "it has", basi.

Anayejiona mnyonge kwa kosa hilo afungue Katiba ya Marekani ya mwaka 1787. Katika Ibara ya 1, Kifungu cha 10, pale panapozungumzwa sheria za ukaguzi za jimbo, pameandikwa "it's" mahali pa "its". Si kwamba waliokutana Philadelphia kuiandika hawakujua Kiingereza. Wakati huo maumbo yote mawili yalikuwa yakitumika, na Thomas Jefferson naye aliendelea kuandika "it's" ya umiliki katika barua zake. Kanuni inayotumiwa leo kumpima mwombaji kazi kama amesoma au hajasoma haikuwa imekomaa nchi hiyo ilipoandika sheria yake mama.

Hata leo wakubwa hawajakubaliana. Mwaka 2006, katika kesi ya adhabu ya kifo iliyotoka Kansas, Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika "Kansas'", na Jaji David Souter, aliyempinga katika kesi hiyohiyo, akaandika "Kansas's". Mwaka 2007 wabunge wa Arkansas walipitisha azimio kwamba jina la jimbo lao kwenye umiliki liandikwe "Arkansas's". Kamala Harris alipogombea urais mwaka 2024, shirika la habari la Associated Press liliandika "Harris'", na gazeti la New York Times likaandika "Harris's". Mhariri wa Dodoma au Kisumu aliyekwama kati ya "James'" na "James's" achague mojawapo na asibadili katikati ya ukurasa. Huo ndio ushauri pekee ambao pande zote zinaukubali.

Majina ya biashara na mahali ndiyo kabisa. Abiria wa treni ya chini ya ardhi London, kwenye njia ya Piccadilly, hupita kituo cha Earl's Court chenye ritifaa, na kituo kinachofuata ni Barons Court kisicho nayo. McDonald's na Sainsbury's wanayo. Harrods na Barclays hawana. Kampuni ya maduka ya vitabu ya Waterstone's iliiondoa mwaka 2012 ikawa Waterstones, ikitoa sababu kwamba jina lisilo na alama ni rahisi zaidi katika zama za anwani za mtandaoni. Nchini Marekani, bodi ya serikali inayosimamia majina ya kijiografia imeipiga vita ritifaa ya umiliki tangu mwaka 1890. Katika miaka yote hiyo ni majina matano tu ya maumbile ya nchi yaliyoruhusiwa kubaki nayo, mashuhuri zaidi kikiwa kisiwa cha Martha's Vineyard, kilichopata ruhusa mwaka 1933. Nchini Kenya, tume inayoajiri walimu inaitwa kwa Kiingereza Teachers Service Commission, bila alama yoyote, na jina hilo ndilo la kisheria.

Wapo waliojitolea kupigana. Mwaka 2001, huko Boston katika Lincolnshire, Uingereza, John Richards, mwandishi wa habari mstaafu aliyekuwa amechoka kusahihisha kosa lilelile kazini, alianzisha chama cha kuilinda ritifaa. Mwaka 2003 Lynne Truss alitoa kitabu chake kuhusu alama za uandishi, Eats, Shoots & Leaves, kikauzwa kama njugu. Kabla ya hapo alikuwa amesimama nje ya sinema London akiwa na ritifaa kubwa iliyofungwa kwenye kijiti, ili kuipachika kwenye bango la filamu ya Two Weeks Notice, ambayo kwa kanuni ingepaswa kuwa "Two Weeks' Notice". Richards aliendelea kuandika barua za upole kwa wenye maduka hadi Desemba 2019. Akiwa na umri wa miaka 96 alitangaza kukifunga chama, akisema ujinga na uvivu wa zama hizi vimeshinda. Alifariki mwaka 2021, na mwaka uliofuata mtu mwingine akaifufua tovuti yake.

Richards alikuwa mstaarabu. Wengine waliingia mtaani usiku. Mwaka 2017 shirika la BBC lilimwonyesha mtu mmoja wa Bristol asiyetajwa jina, ambaye tangu mwaka 2003 alikuwa akitoka gizani kurekebisha mabango ya watu. Alijitengenezea mti mrefu wenye kifaa cha kubandikia ritifaa zilizo juu asikofikia. Saluni moja ya kucha, iliyoitwa "Amys Nail's", ilikuwa miongoni mwa alizoshughulikia: alama ilikosekana palipohitajika, ikawekwa pasipohitajika.

Vijana wawili wa Marekani, Jeff Deck na Benjamin Herson, walikwenda mbali zaidi, na wakalipa. Mwaka 2008 walizunguka nchi yao wakisahihisha mabango. Walipofika Grand Canyon, ndani ya mnara wa Desert View, walikuta bango lililoandikwa kwa mkono lenye "womens'", ritifaa ikiwa baada ya "s". Neno "women" tayari ni wingi, kwa hiyo alama inatakiwa kukaa kabla. Wakalifuta kosa na kulisahihisha, kisha wakasimulia kazi yao kwenye tovuti yao. Hawakujua kwamba bango hilo liliandikwa na Mary Colter, msanifu aliyeujenga mnara wenyewe miaka ya 1930, na kwamba lilihesabiwa kuwa mali ya kihistoria. Mahakama iliwaamuru walipe dola 3,035 za kulitengeneza upya, na ikawapiga marufuku kuingia katika hifadhi za taifa kwa mwaka mmoja.

Kwenye halmashauri za Uingereza vita vimekuwa vya kwenda na kurudi. Birmingham iliamua mwaka 2009 kwamba vibao vya mitaa visiwe na ritifaa tena. Cambridge ilijaribu vivyo hivyo, wakazi wakaanza kuzichora wenyewe kwa kalamu, na mwaka 2014 halmashauri ikanywea. Mwaka 2024 ikawa zamu ya North Yorkshire. Kibao kipya cha mtaa wa St Mary's Walk mjini Harrogate kilitoka bila alama, mtu akaichora kwa kalamu, na halmashauri ikaeleza kwamba hifadhidata za anwani zinafuata kiwango cha kitaifa kisichopatana na alama hiyo. Kelele zilipozidi, nayo ikabadili msimamo.

Kwa nini watu wazima wagombane hivyo kwa kialama? Kwa sababu kinatumika kupima watu. Ni rahisi kukiona, ni rahisi kukicheka, na anayekicheka hahitaji kujibu hoja ya aliyekosea. Ndiyo silaha ya bei nafuu katika mabishano ya mtandaoni: mtu anaeleza jinsi alivyodhulumiwa kiwanja, na jibu la kwanza analopata ni kwamba "your" ilipaswa kuwa "you're". Kwa Mwingereza ni majivuno ya kitabaka. Kwa watu wa Afrika Mashariki ni kichekesho zaidi, maana kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya tatu, waliyojifunza baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, katika darasa ambalo mwalimu alikuwa na vipindi vingi kuliko chaki.

Hilo halimaanishi kwamba ritifaa iachwe ijiendee. Barua ya kuomba kazi, mkataba, cheti, hukumu na kitabu cha shule vinahitaji kuandikwa sawasawa, kwa kuwa msomaji wake ana haki ya kutokisia. Na kujifunza hakuchukui muda mrefu endapo mambo yatafundishwa kwa mpangilio wake.

La kwanza ni wingi. Wingi wa kawaida hauna ritifaa kamwe: "tomatoes", "photos", "CDs", "MPs", "the 1990s". Hilo likishika peke yake, sehemu kubwa ya mabango ya mitaani itakuwa imepona. Anayeandika "We sell CD's" hana haja ya kuongeza ujuzi. Anatakiwa kuacha kuweka.

La pili ni ufupisho, na jaribio lake ni kusoma kwa kirefu. "It's" ikisomeka "it is" au "it has" na sentensi bado ina maana, alama ibaki. Isiposomeka, iondoke. Jaribio hilohilo linamaliza ugomvi wa "you're" na "your", "who's" na "whose", "they're" na "their".

La tatu ni umiliki, na hapa dawa ni kumtaja mwenye mali kwanza, kisha kuweka alama mara tu jina lake linapoisha. Wenye mali ni "mothers", wengi, kwa hiyo umoja maarufu wa akina mama wa Kianglikana, ulioanzishwa na Mary Sumner mwaka 1876 na wenye matawi katika parokia nyingi za Afrika Mashariki, ni Mothers' Union. Fulana na vitambaa vingi vimechapwa "Mother's Union", kana kwamba chama kizima ni cha mama mmoja. Wenye mali ni "children", neno ambalo ni wingi bila "s", kwa hiyo ni "children's". Shahada ya uzamili ni "master's degree" inapotajwa hivyo, lakini ikiandikwa "Master of Arts" haina alama. Wasifu wa kazi uliochanganya hayo mawili katika ukurasa mmoja si jambo geni kwa maofisa wa ajira.

Kanuni hizo tatu zinaingia kwenye kipindi kimoja cha Kiingereza, na mchoraji mabango anaweza kuzibandika ukutani kwenye karakana yake. Dhihaka haijawahi kumfundisha mtu hata mojawapo.

Jambo linaloshangaza ni kwamba wapiga picha wa mabango ya Kiingereza hupita kila siku mbele ya bucha lililoandikwa "nyama ya ngombe" bila kunyanyua simu. Ritifaa ya Kiswahili haionyeshi umiliki, na nje ya ushairi haifupishi kitu. Ni sehemu ya herufi. "Ng'" ni sauti moja inayotoka puani, na "ng" ni nyingine. Ngara ni wilaya ya mkoa wa Kagera na pia mtaa wa Nairobi. Kung'ara ni kutoa nuru. Anayelia ngoa ana wivu. Anayeng'oa anatoa kitu na mizizi yake. Kwa Kiingereza, "dont" bila alama husomeka vilevile, na mwandishi George Bernard Shaw aliandika hivyo, akiiona ritifaa hiyo kuwa uchafu kwenye ukurasa, wala hakuna aliyepotea. Kwa Kiswahili, aliyeitoa alama ametoa sauti. Mgeni anayejifunza lugha kwenye mabango atamtamka mnyama huyo kama anavyotamka ngoma, na hatakuwa amekosea kusoma.

Hata serikali za ukanda huu zinayumba. Jina la Lang'ata, Nairobi, huonekana kwa ritifaa mahali pamoja na bila ritifaa mahali pengine. Chang'ombe ya Temeke huandikwa "Changombe" kwenye vibao vya daladala na hata kwenye anwani za kampuni. Sheria ya Kenya kuhusu pombe haramu ilijua kuandika "chang'aa" kwa usahihi, lakini matangazo mengi ya simu hayajui. Murang'a ikifika kwenye anwani ya tovuti inakuwa "muranga", na hapo hakuna wa kulaumiwa, kwani majina ya tovuti hukubali herufi, tarakimu na kistari tu.

Penye lawama ni kwenye fomu za kompyuta. Katika lugha inayotumiwa sana kuzungumza na hifadhidata, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Programu iliyoandikwa ovyo ikipokea jina Nyong'o huliona limeishia kwenye "Nyong", na "o" inayobaki huisoma kama amri isiyoeleweka. Mfumo unagoma, au mbaya zaidi, mlango unabaki wazi kwa wadukuzi, ambao kwa miaka mingi wametumia ufa huohuo kuchota taarifa za watu. Mafundi wavivu huziba ufa kwa kuikataza ritifaa: fomu inamwambia mwenye jina kwamba jina lake si sahihi. Waairishi wenye majina kama O'Brien wamelalamikia jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Kwa Mtanzania au Mkenya madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kitakuwa na ritifaa, cha mtihani hakitakuwa nayo, pasipoti itafuata kimojawapo, na siku ya kudai mafao atatakiwa kula kiapo kwamba watu hao watatu ni yeye.

Ufundi wa kulitatua hilo upo na unafundishwa kwa wanaoanza: programu hupeleka jina kwenye hifadhidata likiwa limetengwa na amri, ili alama yoyote iliyomo isichukuliwe kuwa sehemu ya amri. Kwa hiyo shule, hospitali au wizara inayoagiza mfumo mpya wa usajili ina uwezo wa kulidai kabla ya kulipa senti ya mwisho. Siku ya majaribio, karani aketi mbele ya fundi aandike Ng'wandu, kisha Nyong'o, kisha O'Brien, achape cheti, na asitie saini ya kuupokea mfumo mpaka majina yote matatu yatoke kama yalivyoingia.